MINYOO KATIKA SAMAKI WA BAHARI: MAZUNGUMZO KWA WANANCHI WA KWIHARA

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa wa Uvuvi kutoka Unguja mbele ya wananchi wa Kwihara, Tabora. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali, wafanyabiashara wa samaki na wananchi wote.





Kwihara na Unguja ni jamaa wa siku nyingi. Mwaka 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi akafika huku mwezi wa Juni. Huo ndio uliokuwa mwendo wa misafara: miezi mitatu kwa miguu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa fupi, lakini samaki wa bahari bado hufika huku akiwa amekaushwa, ametiwa chumvi au amegandishwa, baada ya kupita mikono mingi. Kwa hiyo mnunuzi anayemfungua akaona kitu kinachotambaa ana haki ya kuuliza: je, hii ni minyoo, nayo itanidhuru?

Ndugu Wananchi, vitu vinavyoitwa minyoo katika samaki ni vya namna tatu, na kila kimoja kina hukumu yake.

Kwanza ni funza. Katika ng'onda, papa mkavu na dagaa, kinachoonekana kikitambaa kwa kawaida si mnyoo hata kidogo. Ni funza wa nzi waliotaga mayai samaki akiwa bado mbichi, au ni mabuu ya kahawia yenye manyoya ya wadudu wanaotoboa samaki mkavu. Hawa hawakutoka baharini. Waliingia kwa sababu samaki hakukauka vyema, au alilowa wakati wa masika.

Pili ni minyoo ya samaki mwenyewe isiyoweza kuishi ndani ya mwanadamu. Chewa huweza kuwa na minyoo myekundu katika mayai yake, na samaki wengine huwa na vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele katika nyama. Hata dagaa wa Ziwa Victoria hupatwa na mnyoo mweupe bapa tumboni. Huchukiza macho, lakini samaki akisafishwa na kuiva hawana madhara.

Tatu ni mnyoo uitwao anisakisi, nao ndio wa kuangaliwa. Mnyoo mpevu huishi katika tumbo la nyangumi na pomboo. Mayai yake hutoka baharini, watoto wake humezwa na vidudu mfano wa uduvi, kisha na samaki. Mtoto huyo ni mweupe, urefu wake kama sentimita 2 au 3, na hujikunja kama utepe wa saa. Mtu akimla akiwa hai huweza kushikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika katika muda wa saa chache. Wapo pia wanaovimba au kuwashwa mwili.

Ndimu na chumvi kidogo havimuui. Anayemuua ni moto, nyama ikifika nyuzi 63 hadi ndani, ikawa nyeupe na kuachana na mfupa. Au barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7.

Ndugu Wananchi, hatari kubwa zaidi ya hayo yote huletwa na mikono yetu. Mfanyabiashara anayeona funza katika shehena yake hushawishika kunyunyizia dawa ya wadudu, na mkoa huu wa tumbaku na pamba haukosi dawa hizo. Funza hufa, mzigo ukauzwa, na sumu ikaingia chunguni. Funza huonekana na kutupwa. Sumu haionekani, wala haitoki kwa kuoshwa au kupikwa.

Kwa hiyo, wote tunaombwa kuzingatia haya:

1. Mvuvi atoe matumbo ya samaki mapema, kwani minyoo mingi hukaa humo, na huweza kuhamia katika nyama samaki akikawia.

2. Mkaushaji aanike juu ya chanja, si mchangani, na kufunika kwa wavu.

3. Mchuuzi ahifadhi samaki pakavu, aanue na kuanika tena mzigo uliolowa, na asitie dawa yoyote ya wadudu.

4. Mnunuzi akague, apike hadi samaki aive, na akinusa harufu ya dawa asile wala asimpe mnyama, bali apeleke taarifa kwa Afisa Afya au Afisa Uvuvi aliye karibu.

Mchuuzi anayekiri kuwa mzigo wake umeingia funza hupoteza mzigo mmoja. Anayeficha kwa sumu huweza kupoteza roho ya mtu, na jina la samaki wote wa Visiwani likaharibika pamoja naye.