Mirathi Isiyo na Mrithi: Mhadhara juu ya Elimu ya Kilimo na Mifugo katika Ituri



Ada ya mhadhara wa uzinduzi ni kwamba mhadhiri huanza kwa kuusifu uwanja wake wa elimu, akawashukuru waliomfundisha, kisha akateremka polepole mpaka kwenye hoja yake. Nami ningaliifuata ada hiyo kwa taadhima yote lau si jambo moja lililonikera, ambalo nimekaa nalo miezi kadhaa kama mwiba wa samaki kooni. Katika kikao kimoja hapa Bunia, mwenzangu ninayemheshimu kwa ilimu na kwa umri alisimama akasema kwamba maradhi ya kilimo na mifugo ya jimbo letu hili la Ituri yana dawa moja tu, nayo ni kukirudisha kituo cha utafiti cha Nioka kama kilivyokuwa mwaka 1958: majengo yale, mashine zile, madume yale ya kigeni, nidhamu ile. Ukumbi ukampigia makofi, nami nikiwamo, maana mikono aghalabu hutangulia akili. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza nilikuwa nimekipigia makofi kitu gani.

Historia yenyewe mnaijua, wala sitawachosha. INEAC, taasisi ya Wabelgiji ya utafiti wa kilimo katika Kongo, iliasisiwa mwaka 1933, kituo chake kikuu kikiwa Yangambi, kando ya Mto Kongo, ukiteremka kutoka Kisangani. Nioka ikawa kituo chake cha nchi za juu, cha ng'ombe na malisho, viazi na kahawa ya arabika. Ukaja uhuru, taasisi ya taifa, INERA, ikarithi jina na madeni, kisha vikaja vita. Hayo yanatosha.

Nataka kwanza niwe na insafu kwa wanaozililia zama zile, kwa sababu hawalilii upuuzi. Ni Yangambi ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen, mwaka 1941, ilhali Ulaya inaungua, walithibitisha siri ya mchikichi: kwamba ule mti wenye kokwa ya ganda nene, uitwao dura, ukipandishwa na ule usio na ganda, uitwao pisifera, huzaa tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, na kwamba jambo hilo lafuata kanuni moja nyepesi ya urithi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuichora ubaoni. Mashamba ya Malaysia na Indonesia yaliyoenea hata macho hayafiki mwisho yamesimama juu ya ugunduzi huo. Nasi, ambao mchikichi ni mti wa kwetu, na ambao zamani tulikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani, leo twanunua mafuta ya nje. Mwenzangu huutumia mfano huu kuonyesha ukubwa wa tulichopoteza. Mimi nauliza swali ambalo yeye halifikii: mtu hupotezaje kitu ambacho hakupata kukabidhiwa?

Tazameni mwaka wenyewe. Mwaka uleule wa 1933 ulioizaa INEAC ulileta pia dekreti iliyomlazimisha mwanakijiji kufanya kazi siku 60 kwa mwaka, ikiwamo kilimo cha shuruti cha pamba na mazao mengineyo, na kazi hizo zikapewa jina la kazi za elimu. Naomba mlisikie vizuri jina hilo. Siku zikapandishwa hadi 120 mwaka 1942, wakati wa vita. Hivyo basi, kwa babu zetu, neno elimu na neno kilimo yalikutana mara ya kwanza mbele ya agronome, yaani bwana shamba, aliyekuja na kamba ya kupimia na askari nyuma yake, na asiyelima vipimo alivyopewa alikwenda jela. Mkistaajabu kwa nini hata leo mkulima humjibu mtafiti kwa adabu nyingi na ukweli kidogo, msiutafute ujinga wake. Tafuteni kumbukumbu yake.

Na wale waliofanya kazi ndani ya vituo? Walikuwako Wakongomani wengi: moniteri, wasaidizi, waandishi wa madaftari, watu waliojua kila kitalu na kila dume kwa jina. Lakini chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, na cha Élisabethville mwaka 1956, miaka zaidi ya 20 baada ya INEAC, na uhuru ulipofika mwaka 1960 wahitimu wa chuo kikuu katika nchi hii yote hawakufika 30. Taasisi iliyokuwa ikisifiwa duniani kote ilikuwa imejenga nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Wenye kujua kwa nini walipanda ndege wakaenda zao. Waliobaki walijua namna gani. Na anayejua namna bila kujua kwa nini, siku hali ikibadilika, huwa hana la kufanya ila kurudia.

Msidhani nasema kwa nadharia. Uko ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, uletwao na kuvu iitwayo Fusarium xylarioides: majani hujikunja na kugeuka manjano, matawi yakakauka upande mmoja kwanza, na ukikwangua gome la shina huona chini yake doa la samawati iliyoiva kuelekea nyeusi. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaitafuna robusta ya Kongo, na watu wa INEAC wakaupatia dawa: kung'oa na kuchoma kilichougua, kisha kupanda miche iliyochaguliwa kwa ustahimilivu wake. Ukatulia, watu wakausahau, miche ile haikutunzwa tena. Tangu miaka ya 1970 ukafufuka pande za Isiro, jirani zetu wa kaskazini-magharibi, mwaka 1993 ukawa umeingia Uganda, na kabla muongo huo haujaisha ukawa Kagera, Tanzania. Watafiti wa Uganda walilazimika kuanza upya kutafuta miche istahimiliyo, kazi iliyowachukua zaidi ya miaka 10. Jawabu lilikuwa limekwisha kupatikana katika nchi hii hii, likaandikwa kwa Kifaransa safi, likafungwa katika makabati ambayo hakuna mtu wa hapa aliyekuwa na ufunguo wala sababu ya kuyafungua. Sasa mwenzangu anieleze: vita vya 1999 hadi 2003, vilivyotuumiza kiasi kile, viliyaharibuje maarifa yaliyokuwa yamekwisha kufa miaka 20 kabla yake?

Nipeni ruhusa niseme kidogo juu ya kitabu, maana sijapata kutoa mhadhara bila kukitaja, na wanafunzi wangu hucheka wakiona nakielekea. Mwaka 1956 Pierre de Schlippe, agronome aliyepata kufanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji kabla ya kuhamia Sudan ya kusini, alitoa kitabu juu ya kilimo cha Wazande. Alikuwa mtu wa fani hiihii ya vipimo na mistari iliyonyooka. Naye akaona jambo lililowaponyoka wenzake, kwamba shamba la Mzande, ambalo machoni pa mgeni ni vurugu ya ulezi, karanga na mahindi yaliyotupwa ovyo, lina utaratibu wake, na kwamba mkulima yule husoma ardhi kwa kutazama nyasi zilizoota juu yake, jinsi sisi tunavyosoma gazeti. Basi akaacha kuuliza kwa nini watu hawa hawalimi kama sisi, akauliza wanalima vipi. Akaorodhesha aina za mashamba yao, ya uani, ya nyikani, ya mwanzo wa mvua na ya mwisho wake, akafuatilia kaya moja moja kwa subira ambayo siku hizi hatumpi mtafiti nafasi ya kuwa nayo, kwani mfadhili ataka ripoti baada ya miezi mitatu. Kitabu hicho kina makosa yake. Mwandishi ni mtu wa zama zake, na zipo kurasa ninazozifunga haraka. Lakini ukikiweka kando ya kile walichokitoa wataalamu Jurion na Henry mwaka 1967 juu ya kukitoa kilimo cha kuhamahama na kukifanya cha kudumu, kazi kubwa, yenye tarakimu nyingi, iliyojaa mapande ya msitu yaliyokatwa kwa rula, utaona tofauti ya mtu anayemfundisha jirani na mtu anayemhamisha.

Mimi nilijifunza somo hilo kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa katika milima ya Djugu na dodoso la maswali 40, yote kwa Kifaransa, na swali la kwanza likiwa: una ng'ombe wangapi? Mzee niliyemuuliza alinitazama kwa muda, akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mwanangu, wewe unatafuta ngombe, ao unatafuta mwenye ngombe?" Nikafunga daftari. Ndipo akanipeleka kwa mtamba mmoja aliyesimama peke yake kando ya zizi, akaliinua sikio lake, akaweka vidole viwili chini yake, kisha akaushika mkono wangu akauweka palepale. Palikuwa na tezi iliyovimba kama yai la njiwa. Akaniambia kwamba keshokutwa atakohoa, na siku ya nne hatasimama. Nikachukua damu kwenye kioo, nikairudisha kwenye maabara, ambayo sitaitaja, nikakuta rangi ya kuipakia imekwisha tangu mwaka uliopita na hadubini imeondolewa lenzi. Mtamba akafa siku ya nne. Katika ripoti yangu, iliyopata alama nzuri, niliandika kwamba sababu ya kifo haikujulikana.

Ilikuwa ndigana kali, bila shaka, iletwayo na yule kupe wa kahawia akaaye masikioni. Wala sisemi mzee alijua yote; yeye aliamini ugonjwa unatoka katika majani mabichi ya baada ya mvua, na hapo alikuwa karibu na ukweli bila kuufikia, maana ndio wakati kupe wakubwa wanapozidi. Mbinu iliyokuzwa Muguga nchini Kenya miaka ya 1970, ya kumpa mnyama vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue, ambayo ndama huipata mara moja akakingika kwa muda mrefu, haiwezi kubuniwa na mtu mwenye vidole viwili tu, hata viwe na hekima namna gani. Inataka maabara, inataka baridi kali ya kuhifadhia, inataka watu walioketi miaka mingi mbele ya hadubini yenye lenzi. Hilo nalikubali, na mwenzangu akitaka kulichukua kama ushindi, na alichukue.

Lakini watu hao watatoka wapi? Baada ya mageuzi ya 1971, yaliyokusanya vyuo vyote chini ya paa moja, udaktari wa mifugo ukawekwa Lubumbashi na kilimo kikapelekwa Yangambi. Kijana wa Mahagi aliyetaka kutibu ng'ombe wa baba yake alivuka nchi nzima, akafundishwa kwa mifano ya ng'ombe wengine, na aghalabu hakurudi. Kwa hiyo kuwapo kwa vyuo hapa Bunia ni jambo kubwa kuliko majengo ya Nioka. Ng'ombe wadogo wa Lugware, waliokaa na kupe na njaa ya kiangazi karne nyingi, wako saa chache kutoka hapa. Wangali wanaporwa, tangu machafuko yaliporudi mwishoni mwa 2017, na damu yao inapotea kabla hatujaiandika.

Sasa nafika kwenye lile jambo langu, ambalo wenzangu wamelichoka. Nasema kila tasnifu ya kilimo na mifugo itakayotetewa hapa iwe na sura moja kamili ya Kiswahili, si muhtasari wa nusu ukurasa, na sura hiyo isomwe mbele ya wafugaji na wakulima waliohojiwa, nao wawe na haki ya kuipinga kabla jopo halijatoa alama. Nimejibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hasha! Lugha yenye ndigana, kimeta, chambavu, kideri na josho, lugha iliyohifadhi neno sotoka hata baada ya ugonjwa wenyewe kutangazwa mwaka 2011 kuwa umefutika duniani, haina upungufu wa istilahi. Sisi ndio tuna upungufu wa kusikiliza. Nimejibiwa pia, na jibu hili ni zito zaidi, kwamba wafugaji wetu hutaja maradhi kwa Kihema, kwa Kilendu, kwa Kialur, na kwamba Kiswahili nacho kwao ni lugha ya soko. Kweli. Na hata Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, nchi nzima ikizungumza Kiswahili, mihadhara hutolewa kwa Kiingereza. Nimeyapima yote hayo miaka mingi, na kila nikiyapima narudi palepale: bwana shamba wa Tanzania alipotoka darasani alilikuta jarida la Ukulima wa Kisasa, akaweza kuwasomea watu chini ya mwembe, agronome wetu akitoka darasani hana karatasi hata moja ya kumsomea mtu yeyote.

Mwenzangu yumo ukumbini, ameketi safu ya pili, na tumeahidiana kuyaendeleza haya kwa chai. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wasiende mbali. Jumamosi saa mbili asubuhi wazee watatu kati ya hawa walioketi mbele wataleta ndama uani, nyuma ya maktaba. Njooni na buti, na madodoso myaache nyumbani.