Waliopigana kwa Jina la Mwami



Tarehe 25 Julai 1959, katika mji wetu huu, wakati ule ukiitwa Usumbura, Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa wa Rwanda alifariki ghafla. Alidungwa sindano na daktari Mbelgiji, na muda mfupi baadaye akakata roho. Wabelgiji walisema mshipa wa ubongo ulipasuka. Wanyarwanda wengi hawakusadiki, na hadi leo wapo wasiosadiki. Siku tatu baadaye, kilimani Mwima, katika mazishi yenyewe, alitangazwa nduguye, Kigeli wa Tano Ndahindurwa, kuwa Mwami mpya, bila ya kungojewa idhini ya wakoloni.

Mfalme huyo hakutawala sana. Mwezi Novemba mwaka huo huo vilima vya Rwanda viliwaka moto. Mwaka 1960 alitoka nchini na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama, na kura ya Septemba mwaka huo ikauondoa ufalme kabisa. Watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamekimbilia Uganda, Tanganyika, Kongo na hapa kwetu. Wazee wa Burundi wanayakumbuka makambi yao: Muramba, Kayongozi, Kigamba na Mushiha.

Katika makambi hayo ndimo walimotoka wapiganaji walioitwa Inyenzi, yaani mende, kwa kuwa walikuja usiku na kutoweka kabla ya mapambazuko. Walipigana kwa jina la Mwami asiyekuwapo. Mmoja wa viongozi wao aliyejulikana sana alikuwa François Rukeba, wa chama cha UNAR, chama cha wafuasi wa ufalme. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, na hakuna mtu mwenye haki awezaye kumlaumu mkimbizi kwa kutaka kurudi kwao. Suala tunalolitazama leo ni jingine: ni nani aliyelipa gharama ya safari hiyo?

Wapiganaji wa namna hii hawakuzaliwa Afrika tu. Mwaka 1941, Wajerumani walipoiteka Yugoslavia, Kanali Draža Mihailović alikusanya Waserbia katika milima ya Ravna Gora, nao wakaitwa Wachetniki. Mfalme wao, Petar wa Pili, alikuwa London. Wajerumani walitoa amri kwamba kwa kila askari wao atakayeuawa, raia mia moja watapigwa risasi. Oktoba 1941, katika mji wa Kragujevac, waliua watu zaidi ya 2,000, wakiwamo wanafunzi waliotolewa madarasani. Mihailović akaona kwamba kupigana kwa wakati ule ni kuwaua watu wake mwenyewe, akachagua kungoja. Lakini kungoja huko kuliwaharibu. Baadhi ya makamanda wake walipatana na Wataliano, wengine wakapatana hata na Wajerumani, ili wawapige wapiganaji wa Kikomunisti wa Tito. Nao wakawachinja raia Waislamu kwa maelfu. Mwishowe, Septemba 1944, mfalme yule yule waliyempigania alizungumza katika redio kutoka London, akawataka watu wote wajiunge na Tito. Mihailović aliuawa kwa hukumu ya mahakama mwezi Julai 1946. Mahakama ya Belgrade iliifuta hukumu hiyo mwaka 2015, na Waserbia hawajakubaliana hata sasa kama alikuwa shujaa au msaliti.

Inyenzi hawakungoja. Mapema mwaka 1962, walipoingia Byumba wakitokea Uganda na kuwaua maofisa wachache, Watutsi kati ya elfu moja na elfu mbili wa wilaya hiyo waliuawa kwa kisasi. Waliouawa hawakuvuka mpaka wowote, wala hawakushika upinde. Onyo lilikuwa limetolewa, na kila kiongozi aliyeko uhamishoni alilisikia.

Hata hivyo, mwezi Novemba 1963 wakimbizi wapatao 1,500 walitoka makambini humu Burundi wakaelekea mpakani. Serikali ya Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe iliwarudisha na kuwanyang'anya silaha. Mwezi mmoja baadaye hawakuzuiwa. Alfajiri ya tarehe 21 Desemba, watu kati ya mia mbili na mia tatu, wengi wao wakiwa na pinde, mikuki na bunduki za kuungaunga, waliingia Bugesera. Wakaiteka kambi ya kijeshi ya Gako, wakapata bunduki za kweli. Wakafika Nyamata, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamewatupa watu waliofukuzwa vilimani mwao, katika pori la mbung'o. Huko walipokewa kwa shangwe, na mamia wakajiunga nao. Inasemekana kwamba shangwe hizo ziliwapotezea saa ambazo hazikupatikana tena. Walipofika daraja la Kanzenze juu ya Nyabarongo, kilomita ishirini hivi kutoka Kigali, askari wa serikali chini ya maofisa Wabelgiji walikuwa wakiwangojea. Vita vikaisha siku hiyo hiyo.

Kilichofuata si vita. Serikali ya Kigali iliwakamata wanasiasa Watutsi waliokuwa wamebaki nchini: Michel Rwagasana na Joseph Rutsindintwarane wa UNAR, Prosper Bwanakweri wa chama cha RADER, na wenzao. Walipelekwa Ruhengeri wakapigwa risasi bila ya kesi. Tuwaangalie vizuri watu hawa. UNAR ya ndani ilikuwa imekubali jamhuri. Kwa mapatano ya New York ya Februari 1962 ilipewa hata viti viwili vya uwaziri. Baadhi ya wenzao wa nje waliwaona kuwa wamejiuza kwa adui. Serikali nayo iliwaona kuwa ni mkono wa Inyenzi. Kwa hiyo walikuwa wasaliti pande zote mbili, na kosa lao lilikuwa kujaribu kuishi nyumbani kwao.

Katika mkoa wa Gikongoro, kuanzia siku mbili kabla ya Krismasi, wakuu wa serikali waliwapanga raia kwa mapanga na marungu. Watu wasiopungua 5,000 waliuawa huko. Wapo waliohesabu zaidi ya 10,000 kwa nchi nzima. Maiti nyingi zilitupwa mitoni. Mwalimu mmoja Mswisi aliyekuwa akifundisha Butare, Denis Vuillemin, aliacha kazi na kuyaandika hayo katika gazeti la Le Monde, Februari 1964. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliyafananisha na maangamizi ya Wayahudi. Dunia ilisoma, ikageuza ukurasa.

Waliofanya mauaji hayo ndio wenye hatia, na hilo halina mjadala. Mkimbizi mwenye upinde hakumlazimisha mkuu wa mkoa kugawa mapanga. Lakini mtu aliyeketi salama Bujumbura, akijua yaliyotokea Byumba, akapanga safari ya Bugesera bila ya kuwauliza watu wa Gikongoro, huyo naye ana la kujibu. Mihailović aliwaogopea watu wake hadi akamwangukia adui. Viongozi wa Inyenzi hawakuwaogopea watu wao hata kidogo. Kati ya makosa hayo mawili sijui lipi ni zito zaidi. Ninajua tu kwamba yote mawili yalilipwa na watu wasioulizwa.

Baada ya hapo mambo yaligeuka kuwa ya ajabu. Wafuasi hao wa mfalme walipokea mafunzo China. Mwaka 1964 na 1965 walipigana pamoja na Wasimba katika Kongo, na walipoishambulia Bendera mwezi Juni 1965 walikuwa bega kwa bega na Wakuba wa Che Guevara. Wakuba wanne na Wanyarwanda kadhaa walikufa pale. Hapa Bujumbura, tarehe 15 Januari 1965, Ngendandumwe, aliyekuwa ameshika tena uwaziri mkuu kwa siku nane tu, alipigwa risasi akitoka hospitalini kumtazama mkewe aliyejifungua. Mtuhumiwa alikuwa mkimbizi wa Kinyarwanda, mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani. Mwaka uliofuata ufalme wa Burundi nao uliondoka, na kufikia mwaka 1967 mashambulio ya Inyenzi yalikuwa yamekwisha.

Jina lao halikwisha. Sisi wa kazi hii ya redio tunalijua vyema, maana ni redio, RTLM ya Kigali, mwaka 1993 na 1994, iliyolichukua jina la wapiganaji mia chache wa zamani ikawavika watu wote wa kabila moja, hata watoto wachanga. Kanisa la Nyamata, katika Bugesera ile ile, ni kumbukumbu ya waliouawa humo.

Kigeli mwenyewe alikaa Uganda na Kenya, kisha Marekani tangu mwaka 1992, akafia huko tarehe 16 Oktoba 2016. Jamaa zake walishindana juu ya mahali pa kumzika, hata mahakama ya Virginia ikaamua kwamba arudishwe Rwanda. Januari 2017 alizikwa Mwima, karibu na kaburi la ndugu yake aliyefia katika mji huu.