Mlima Ulio Juu ya Mfereji Wako

Mwaka 2003 nilikuwa mwanagenzi redioni, na kazi niliyopewa mara nyingi ilikuwa kusoma matangazo ya mgao wa maji jijini Nairobi. Mei mwaka huo mafuriko yalibomoa njia ya kupitishia maji ya ziada katika bwawa la Sasumua, na mifereji ya jiji ikakauka mtaa baada ya mtaa. Jina la Sasumua nililitaja mpaka likanizoea. Lakini ungeniuliza liko wapi, ningekuonyesha dirishani tu, upande wa kaskazini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kulipa deni hilo.

Juu ya Sasumua kuna mlima uitwao Elephant, yaani Ndovu, kwa kuwa umbo lake ni la mnyama huyo. Urefu wake ni mita 3,590 hivi. Atajaye safu ya Nyandarua kwa kawaida hutaja Satima, wenye mita 4,001. Huyu Ndovu wengi hupita chini yake wakienda kununua viazi.

Tuliondoka kituo cha misitu cha Njabini saa moja asubuhi: mimi, vijana wawili wa ofisini, na askari wa misitu mwenye bunduki, maana nyati haulizi kitambulisho. Tulipita miti ya kupandwa, kisha tukaingia kwenye mianzi. Hapo, msikilizaji, nilijuta. Mianzi imefunga juu kama dari, jua halifiki chini, na mguu ukizama kwenye matope hutoka bila kiatu. Nikalalamika kwa sauti.

“Mzee,” askari akaniambia, “hayo si matope. Ni maji yenu.”

Nilidhani ananicheka. Akachoma fimbo yake kwenye kuvu la kijani kando ya njia, na maji yakatiririka kama nguo inayokamuliwa. Mvua ikinyesha huku juu, msitu huishika na kuiachilia pole pole, hata kiangazi kikali, mpaka iwe vijito. Mianzi ikikatwa, mvua ile ile hushuka siku moja na udongo wake.

Baada ya mianzi ni nyasi ndefu na upepo. Kila kilima nilichodhani ndicho cha mwisho kilinionyesha kingine nyuma yake. Mwishoni ni mawe, na mtu wa umri wangu hutumia mikono bila kuona haya. Tulifika kileleni saa saba kasoro.

Bwawa lenyewe lilikuwa kule chini, dogo kama sahani. Lilijengwa miaka ya 1950 na hubeba mita za ujazo milioni 16 hivi; Ndakaini, lililokamilika 1994, hubeba milioni 70. Kutoka Sasumua maji yaliyosafishwa huteremka kwa bomba mpaka Kabete kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa na mashine. Na kutoka ukingo wa msitu mpaka karibu na maji ni mashamba ya viazi na kabeji, udongo wazi. Mkulima anayepanda majani kwenye kingo za shamba lake huzuia udongo usiingie bwawani, lakini kipande hicho hakimpi viazi. Mimi naona sehemu ya bili tunayolipa jijini ingemfikia huyo. Kwa sasa anatufanyia kazi bure.

Tulipokuwa tukishuka, magoti yakitetemeka, tulimkuta mama akipandisha punda kutoka kijitoni, mgongoni mitungi minne ya maji. Alituangalia viatu, akauliza:

“Nyinyi ni watu wa maji?”

“La, mama. Sisi ni watu wa Nairobi.”

“Si ni hao hao,” akasema, akaendelea na punda wake.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.