Tungoje Kidogo



Tokea kwetu Section 58 hadi Mbuga ya Ziwa Nakuru si mwendo mrefu. Mahali hapo palitengwa kwanza kwa ajili ya ndege, na mwaka 1968 pakawa mbuga ya taifa. Lakini sisi wenyeji twaweza kuzeeka bila kuingia humo, tukisema tutakwenda kesho. Mwaka mmoja kwaya yetu ilikata shauri kwenda, na pamoja nasi alikuwako kijana wa sauti ya besi, atumiaye kiti cha magurudumu.

Asubuhi yote ilikuwa njema. Mbugani hairuhusiwi kushuka garini ila mahali palipowekwa, basi sote tulikuwa tumeketi, na kifaru alitutazama sawasawa. Kisha tukafika Baboon Cliff, juu ya jabali, ambapo watu hushuka kulitazama ziwa. Tukashuka. Yeye tukamwambia, "Tungoje kidogo." Na kwa sababu ya nyani, ambao hunyakua chakula hata mkononi mwa mtu, tukafunga madirisha yote.

Tulikaa huko karibu saa nzima. Tuliimba, tukapiga picha, tukala mikate. Tuliporudi tulimpa soda. Mzee mmoja akamwuliza kama amefurahi. Akajibu kwa upole, "Mzee, safari ijayo niacheni nyumbani. Kule nina dirisha ninaloweza kulifungua."

Njiani hakuna aliyeanzisha wimbo.

Tulidhani tumetenda mema. Tulimlipia kiingilio, tukambeba hadi garini. Lakini someni 2 Samweli 9. Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, alikaa Lodebari, nyumbani kwa Makiri. Daudi angeweza kumpelekea posho huko kila mwezi, na watu wangemsifu. Hakufanya hivyo. Alimleta akaketi mezani pake. Sisi tulimtoa kijana wetu Lodebari, tukamfikisha kwa mfalme, tukamwacha barazani na soda.

Siku chache baadaye wawili wetu tulikwenda kwake kuomba msamaha. Alitusamehe upesi kuliko tulivyotazamia, akaanza kutufundisha. Penye kokoto kiti hakisukumwi mbele, maana magurudumu madogo huzama. Huinamishwa nyuma juu ya yale makubwa, kikavutwa. Penye mteremko mkali huteremshwa kinyumenyume. Na kabla ya kukigusa mwulize mwenyewe, kwa kuwa kiti kile ni miguu yake. Haya yote angetuambia kabla ya safari, lakini hatukumwuliza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufika kila mahali kwa kadiri ifaavyo. Sisi wasomaji wa Biblia tulikuwa tumetanguliwa na sheria ya nchi!

Mwezi wa nane tulirudi Baboon Cliff. Watu wanne walitosha kumpandisha. Alitazama kwa muda, kimya, kisha akacheka. "Kumbe flamingo wenyewe ni wachache hivi! Nami nilidhani mlinificha jambo kubwa." Ni kweli, maji ya ziwa yameongezeka sana tangu miaka ya 2010, chumvi imepungua, na wengi wao wamehamia Bogoria na kwingineko.

Tukamwuliza kama turudi garini. Akasema bado. Basi jua likituchoma, na njaa ikituuma, tukamngoja.