Saa Mbili za Mama Anyonyeshaye



Makampuni mengi nchini Tanzania hutoa madawati, vitanda vya hospitali na visima. Twayashukuru. Hata hivyo twauliza: mama afanyaye kazi katika viwanda vyao atendewaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini wataalamu wa afya washauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Ndiyo maana ina uzito ile amri nyingine ya sheria hiyo: mwajiri amruhusu mama kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku.

Lakini mtoto yuko wapi? Akiachwa Mbagala na kiwanda kiko Ubungo, saa hizo huishia ndani ya daladala. Pasipo chumba cha watoto karibu, au mahali safi pa faragha pa kukamulia maziwa, haki hubaki karatasini. Hisani kwa jamii hailipi deni la mfanyakazi.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba kazi ipangwe bila kuidhuru familia.

Basi tuanzie kwetu. Shule, zahanati na ofisi za parokia nazo ni waajiri. Kila halmashauri ya walei iulize: mama tuliyemwajiri anyonyeshea wapi? Tukishajibu, tutakuwa na uso wa kuwauliza wenye viwanda.