Nguzo za Lothagam

Leo tunakwenda Turkana, kaskazini mwa Kenya, kutazama jinsi watu wa kale walivyoishi na mabadiliko ya tabianchi.

Ukifika Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, utakuta mawe, vumbi na migunga ya kuhesabika. Haikuwa hivyo daima. Kati ya miaka 15,000 na 5,000 iliyopita, nchi hiyo ilikuwa na neema ya mvua. Mhimili wa dunia huyumba polepole sana, na zama hizo uliyumba kwa namna iliyozidisha jua kaskazini mwa ikweta katikati ya mwaka. Joto hilo likavuta pepo za mvua kutoka baharini. Sahara ikaota majani. Ziwa Turkana likapanda karibu mita 100 juu ya usawa wa sasa, likafurika hadi Mto Nile. Wavuvi wa kandokando yake walichonga chusa za mifupa, na hadi leo chusa hizo huokotwa mbali na maji.

Kisha mvua ikaanza kukatika. Yapata miaka 5,000 iliyopita ziwa lilikuwa likinywea na ufuko ukihama. Ndipo wafugaji wa kwanza wakaingia na mifugo yao.

Katika misukosuko hiyo, watu walijenga. Pale Lothagam walitandaza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, kwa karne kadhaa wakawazika wafu wao humo, kisha wakasimamisha nguzo juu yake. Watafiti wanakadiria kuwa wamelala hapo watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Karibu wote walizikwa na mapambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete za meno ya kiboko, vidani vya mawe ya rangi. Mmoja alivikwa pambo la kichwani lenye mamia ya meno ya panya wadogo. Hakuna dalili ya kaburi la mtawala aliyetukuzwa kuliko wenzake.

Watafiti wanaona kuwa hapo palikuwa mahali pa kukutana na kuimarisha udugu. Mfugaji yeyote anajua maana yake: malisho yakikauka, mwenye jamaa ng'ambo ya pili ana pa kupeleka mifugo. Basi tunapochimba visima na kuhifadhi malisho, tuyatunze pia maelewano ya jirani na jirani, maana ukame hauvukwi na mtu mmoja.