Kwanza zima mashini, nyuma njo uweke mukono

Maneno tuliyosema ku mukutano wa wanamemba, Kasulo

Asante kwa kutuita tuzungumuze juu ya mashini ya kuponda mawe ya kujengea, yenye mulinunua na feza ya likelemba. Wengi wenu mulirudia huku mikono mitupu. Ile mashini njo shamba yenu. Lakini usipoichunga itakula feza, na usipoizima itakula mukono.

Wazee wenye walitumika ku Gécamines wanajua hii habari kutupita. Miaka ya 1980 kampuni ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 hazikufika tani 50,000. Sababu zilikuwa mingi: mugodi wa Kamoto ulibomoka mu 1990, kulikuwa vurugu na madeni. Lakini moja ni hii: feza ya kununua vipande vya mashini ilikosekana.

Basi tufanye hivi.

Asubuhi, mbele ya kuwasha, kaza bulo zote, angalia mukaba kama haujapasuka, tia grese ku rulema. Usijaze kupita kipimo, grese ikizidi rulema inapata moto vilevile. Washa bila mawe, sikiliza. Jioni, acha mawe yote yatoke mbele ya kuzima.

Meno ya taya yanalika sana upande wa chini. Ku mashini mingi unaweza kuyageuza, chini ikuwe juu, yatumike tena. Mukiona karabo inatoka kubwa kubwa, pima ule mwanya wa chini.

Nyuma ya taya kuko kibao cha chuma. Kimetengenezwa kivunjike cha kwanza: kama kipande cha chuma kimeingia pamoja na mawe, kibao kinavunjika, mashini inapona. Kwa hiyo musikichomeleye, musiweke chuma kinene pahali pake. Siku ingine kitavunjika kitu cha bei kali.

Jiwe likikwama, hakuna mukono, hakuna fimbo, hata kama kamiyo inangoja. Zima mota. Ngoja gurudumu kubwa lisimame lenyewe, juu linaendelea kuzunguka hata mota ikiisha kuzimika. Na yule mwenye ataingiza mukono, yeye njo abaki na ufunguo wa mota mu mufuko yake. Si shefu, si mwenye kuwasha. Yeye.

Ingine ni vumbi. Toka 2014, wakati watu walikuta cobalt chini ya nyumba zao, Kasulo inajua vumbi. Mu 2018 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walionyesha kama watu wa hapa, zaidi watoto, walikuwa na cobalt mingi mu mukojo na damu kupita watu wa mutaa wa karibu wenye hauchimbwe. Mawe ya kujengea ni mengine, lakini vumbi yake pia inaharibu mapafu. Mwangieni mawe maji mbele ya kuyaponda, na watoto wakae mbali.

Tunaomba vitu viwili. Muchague mutu mumoja wa kushika kaye ya mashini: grese siku gani, meno yaligeuzwa siku gani. Na kila mwezi, mbele ya kugawana, mutoshe kwanza feza ya vipande. Tukirudia, tutaomba kuona kaye.